Mti Uliofika Mlangoni

Chebet mjukuu wangu, nakusalimu: chamgei. Nyanya yako ni mzima, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kwa nini mimi, mbishi wa Kiptere nzima, nilikuwa namvulia kofia mwalimu wa hesabu. Siku moja nilikuwa nakata mti karibu na nyumba yake. Shoka lilikuwa limeshaingia nusu, mti unalia. Akaja mbio, akapima kivuli cha mti na cha fimbo.

"Utafika mlangoni. Ngoja nitoe watoto."

"Hautafika. Jicho langu halikosei. Unaogopa, mwalimu?"

"Naogopa, ndiyo."

Akatoa watatu. Kitinda mimba alikuwa amelala, akambeba. Mti ukaanguka, ukavunja mlango.

Nikangoja anicheke. Akasema tu, "Nishikie mtoto, nitoe matawi."

Nikampokea mtoto, nikavua kofia, Chebet.

Lakini kwa shoka, hakuna aliyenishinda.

Babu yako, mwenye shoka