Ibandue Ile Barua ya Kwanza

Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Huku hatujambo, isipokuwa goti la wifi yako, ambalo kila likiona ngazi linagoma. Wewe na shemeji mwaendeleaje? Na Chiriku wetu, shavu lake limeamkaje leo?

Juzi, niliposikia shavu la mtoto limevimba, nilikupigia simu kukusihi umpeleke kwa daktari wa meno, ukanijibu, "Kaka, wewe mwenyewe ndiye uliyeandika nisimpeleke. Barua yako nimeibandika kwenye kabati la jikoni." Nikaona kwamba kilichoandikwa lazima kifutwe kwa maandishi, maana ya simu husahaulika. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Ukiishika, isome umesimama.

Ile ya kwanza unaikumbuka, kurasa sita. Nilikuwa nimeng'olewa gego, na siku ya pili tumbo likachafuka kama enzi zile kabla sijajua kuwa ngano ndiyo adui yangu. Siku tisa nilikuwa wa kitandani na wa chooni. Bila kumuuliza mtu, nikahukumu: ngano imo kwenye dawa yao ya kusafishia meno, au kwenye unga wa glavu zao. Nikawaita wauza sumu wenye makoti meupe. Nikakuambia mtoto mwenye ugonjwa huu wetu wa seliaki, wa mwili kukataa ngano, asikalie kiti kile hata kwa dawa. Nakala moja nikampelekea daktari mwenyewe.

Baada ya simu yetu nilirudi kwenye kliniki ile. Nilikwenda kupigana, sikufichi. Nilibeba jalada zima la makala. Daktari alikuwa na mgonjwa, akanipokea msaidizi wake, yule mama mfupi anayechemsha vyombo. Hakubishana nami. Alifungua mtoto wa meza akatoa barua yangu, na chini yake majibu ya watengenezaji wa kila kitu kilichoingia kinywani mwangu siku ile. Hakuna ngano, hakuna shayiri. Glavu hazina unga. Waliwauliza wiki ile ile waliyoipata barua yangu.

"Tulikupigia kukueleza, baba. Ukatukatia simu."

Kisha akaniuliza swali ambalo kwa miezi mitano sikujiuliza. "Siku ile ulipotoka hapa ulikula nini?"

"Ningekulaje na shimo mdomoni? Nilikunywa supu tu."

"Supu ya nani?"

Mdogo wangu, supu ilikuwa ya jirani yetu fundi cherehani. Nilikwenda kumuuliza jioni ile. Akajibu kwa furaha kabisa, "Nilitia unga wa ngano vijiko viwili ili ishike, mwenzangu, ulikuwa umekwisha." Mtu wa watu, sikuwahi kumweleza ugonjwa wangu. Na kadiri nilivyougua ndivyo alivyozidi kuniletea. Mimi ninayesoma maandishi ya kila pakiti dukani mpaka wauzaji wananikwepa, nilikuwa nikiinywa supu hiyo huku nakuandikia habari za sumu.

Usidhani nimegeuka kondoo. Wanaosema ugonjwa huu ni kujidekeza bado nawangoja, waje na hoja zao. Na swali nililouliza lilikuwa la haki. Ngano inaweza kujificha kwenye dawa, kwa hiyo lazima tuulize. Kosa langu ni kwamba niliuliza kisha nikakimbia na jibu langu mwenyewe, na kukimbia huko kunamtesa mtoto wako.

Basi fanya hivi. Piga simu kliniki kabla hamjafika, useme ana ugonjwa gani. Waombe wasome pakiti ya dawa ya kusafishia, ya kutia ganzi na ya kuziba. Wasipojua, wawaulize watengenezaji; wakikudharau, tafuta wengine siku hiyo hiyo, lakini usimrudishe nyumbani na shavu lile. Vidonge atakavyoandikiwa, mfamasia naye aulizwe. Supu yake upike wewe. Na akipata homa, au uvimbe ukipanda kuelekea jicho, au akashindwa kumeza, usiulize chochote: kimbia naye hospitali.

Daktari alipomaliza mgonjwa wake alinieleza jambo jingine. Alisema ugonjwa huu ukimkuta mtu utotoni huweza kuyadhoofisha meno tangu yanapoumbika, hata awe anapiga mswaki mara tatu kwa siku. Nilimfikiria Mama. Unakumbuka alivyokuwa akicheka amefunika mdomo kwa kiganja? Alizikwa na meno manne. Mbele ya wageni niliwahi kumwambia ni uvivu wa mswaki na kupenda sukari. Kama alikuwa na ugonjwa wetu, sasa hakuna wa kutuambia. Siku ile alifunika mdomo tu.

Shemeji ananiambia Chiriku siku hizi hasemi, anakaa ameshika shavu. Mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini.

Nisalimie shemeji, umwambie alikuwa sahihi kutaka mtoto apelekwe kwa daktari, na mimi sikuwa. Hilo hatalisikia mara mbili. Nisalimie mama mdogo na mapacha wake. Mungu awafunike, na mkono utakaoshika kinywa cha mtoto huyu uwe mwepesi. Mwambie mjomba anangoja kupigiwa simu na kukatizwa maneno.

Sasa nenda jikoni uibandue ile. Hii usiibandike popote. Itie mkobani uende nayo kliniki.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye, na niliyekosea.