Bibi Niliyemzika kwa Kazi ya Likizo

Mmepotea wapi nyie? Tangu mpunga unatoa mashuke hakuna aliyeniandikia, nikadhani bonde zima limepata akili. Kumbe mlikuwa mnangoja mambo yaharibike kwanza. Mnanijia kama mnavyokwenda hospitali, mguu ukishavimba mpaka kiatu hakiingii. Haya, wiki hii kaja huyu. Jirani yangu Levina, ambaye hunisomea barua zenu na kuandika ninayoyasema, aliisoma mara ya kwanza akacheka mpaka akavua miwani. Mara ya pili hakucheka.

*Mpendwa mshauri wetu Bibi Digna, shikamoo, naomba msaada wako kwa sababu nimefika mahali silali, mimi ni msichana wa kidato cha sita, nasoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, katika shule ya bweni hapa Ifakara, wazazi wangu wako Kidatu, baba anafanya kazi kwenye miwa, na tulipofunga shule mwezi wa sita tulipewa kazi ya likizo ya Kiswahili, kusoma riwaya mbili na kuzichambua, halafu kukaa na mzee mmoja wa familia, kumrekodi sauti na kuandika insha ndefu ya maisha yake, na mzee wangu ni bibi mzaa mama anayekaa Mlimba, tukakubaliana niende kwake nimsaidie kuvuna na yeye anisimulie, lakini nikapitia kwanza kwa mama mdogo Mlabani, hapahapa Ifakara, nikasema nitalala siku mbili tu, na pale kuna umeme, kuna intaneti, kuna mabinti wa rika langu, Bibi nisikufiche, siku mbili zikawa likizo nzima.*

*Riwaya sikusoma, nilidesa uchambuzi mtandaoni nikabadilisha maneno, lakini insha ya mzee haidesiki, na sauti sikuwa nayo, na shule inafunguliwa kesho yake, ndipo likanijia wazo kwamba mzee akiwa amefariki hakuna atakayedai sauti yake, basi nikaandika kwamba bibi alifariki kabla hajamaliza kunisimulia, nikaandika alivyokata roho mikononi mwangu akiniambia soma, mjukuu wangu, nikaweka na jeneza na kwaya, na kusema kweli nililia mwenyewe nikiandika.*

*Mwalimu aliisoma mbele ya darasa akashindwa kumaliza, akanipa alama ya juu kuliko wote, tukasimama kimya kumkumbuka bibi na mimi nikasimama, sasa wenzangu wanasema haiwezekani mwenzetu afiwe tukae tu, wamechanga wamenunua kitenge na sukari na mchele, Jumamosi hii mwalimu na matroni na wanafunzi wanakwenda Mlimba kuhani, na Fidelis wa darasa letu, ambaye mjomba wake ni katekista hukohuko, amempigia ili atuonyeshe nyumba, mjomba akasema mbona hajasikia msiba wowote, nikajibu kwamba bibi hakuwa mtu wa kujulikana sana.*

*Kibaya kuliko vyote, Jumapili bibi alipiga simu ya matroni, namba alipewa na mama, matroni akaja bwenini akasema kuna bibi anakutafuta, nikasema atakuwa wa upande wa baba, nikapokea huku matroni kasimama palepale, bibi akasema, “Mke mwenzangu, mbona hukuja, pepeta yako ya mpunga mchanga niliyokukaangia na kukutwangia nimeiweka kwenye kopo mpaka inataka kuota ukungu,” nami nikasema umekosea namba, nikakata.*

*Nikisema ukweli nitafutiwa alama, labda nisimamishwe shule mwaka wa mtihani, na baba ataniua, kwa hiyo nimefikiria mama mdogo amwite bibi Mlabani Jumamosi hiyo ili wakute nyumba imefungwa, je, Bibi, nimhamishe?*

*Ni mimi Siwema (si jina langu), Ifakara.*

Siwema Si-Jina-Lako, marahaba.

Tuanze na hilo jina. Umejificha nyuma yake kama mtoto anayefunika macho akidhani haonekani, halafu ukataja Mlimba, katekista, matroni na kopo la pepeta. Levina aliniuliza tuizuie barua. Nimekataa. Gazeti hili likimaliza kusomwa litafungiwa maandazi, na mla maandazi naye atasoma.

Mimi darasani sikukaa hata siku moja, kwa hiyo riwaya mtamalizana na mwalimu wako. Ila vitandani mwa wagonjwa nimekaa sana, na nakuambia hakuna bibi wa bonde hili atakayekata roho akisema “soma, mjukuu wangu” wakati mpunga umeanikwa uani. Angesema, “Funika mpunga, mvua ile inakuja,” na angekata roho amekukasirikia kwa kuchelewa. Mwalimu wako akalia! Mtu mzima, hakuuliza hata kaburi liko wapi. Lakini simlaumu sana. Nani atawaza kwamba mtoto wa watu amezika mtu mzima wa afya ili apumzike na kazi ya likizo?

Unauliza umhamishe. Hebu jisomee swali lako. Umeshaua, sasa unatafuta pa kuficha mwili. Haya, mhamishe. Bibi atavaa kitenge cha kanisani, atapanda gari na kopo lako mapajani njia nzima, akidhani ameitwa kwa sababu amekumbukwa. Huku nyuma mwalimu na matroni wanajipanga uani kwake na nyuso za huzuni. Jirani anatoka na ungo mkononi: “Jamani, mnamlilia nani? Si ndiyo kwanza kapanda gari asubuhi?” Utajibu nini, mama? Kafufuka?

Na hata Jumamosi huenda usifike. Umesahau huku kwetu msiba ukitajwa haukai mdomoni. Katekista ameshaulizwa. Naye atauliza kwenye jumuiya ya kanisa, na wanawake wa jumuiya hawangoji kuitwa mara mbili, wanaacha mavuno wanakuja na kuni na ndoo. Bibi yako atafungua mlango akute wenzake wamekuja kumwosha.

Umeona? Levina anacheka tena. Mimi nimemaliza kucheka.

Insha itafutwa, na alama yake. Hiyo ni karatasi, utaandika nyingine. Ila lile la “umekosea namba” ndilo lililoninyima usingizi mimi, mtu nisiyekujua. Bibi yako hakukosea namba. Sauti yako anaijua tangu unalilia titi la mama yako. Alikaa pale na simu, pengine ya kuazima, mwenye simu akamuuliza, “Vipi, umempata?” Nami naapa alijibu kwamba mtandao ni mbaya. Alikufichia aibu ambayo haijui. Angekuwa na kiburi kama changu angekuja shuleni na fimbo. Yeye amerudi kwenye mpunga wake, anajiuliza amekukosea nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, kesho asubuhi kabla ya paredi uwe mlangoni kwa mwalimu. Usiende na machozi, ya kwako uliyamaliza kwenye insha. Mwambie, “Mwalimu, bibi yangu ni mzima, nilidanganya, na riwaya sikusoma.” Yote mawili. Usibakize moja lije kukuuma mwezi wa tano. Akifuta alama, zifutike. Akikupa adhabu, fanya. Wakikusimamisha, nenda nyumbani ukasome, urudi ufanye mtihani. Watu wamesimamishwa na bado kulikucha.

Kisha omba usimame mbele ya wenzako, wewe, usimtume Fidelis. Wamekununulia kitenge kwa hela za sabuni zao na mafuta yao ya kupaka. Anayetaka chake arudishiwe. Anayetaka kimfikie bibi akiwa hai, na kimfikie, hakuna bibi anayekataa kitenge. Mchele uacheni hapohapo. Jamani, kutoka Ifakara kupeleka mchele Mlimba! Mtachekwa stendi kabla hamjashuka. Baba yako mpigie leo, na usikie mdomo wake wote. Hatakuua. Katika ukoo wenu muuaji ni wewe peke yako.

Ijumaa omba ruhusa, panda gari la asubuhi. Gazeti hili, linalokufikia wewe Jumatano, linafika Mlimba Ijumaa mchana, na makatekista wanasoma magazeti. Hakikisha umelitangulia. Bibi asije akasikia kifo chake kwa mtu mwingine.

Nakukaripia kwa sababu mkono wa kuandika unao. Umeliza darasa zima kwa bibi wa kutunga, na wa kweli hujamuuliza hata alizaliwa wapi. Mwombe mwalimu akupe nafasi uiandike upya. Akikataa, andika hivyohivyo, bila alama. Na hizo riwaya mbili ziende nawe. Mchana mnavuna, jioni unamsomea kwa sauti. Akisinzia, usimwamshe, endelea.

Ukifika kwake usianze kusimulia mlangoni. Piga hodi. Piga magoti, sema shikamoo, kisha nyamaza ungoje. Anaweza kukuacha hapo chini mpaka miguu ife ganzi, ni haki yake, marehemu hana haraka. Akisema marahaba, inuka, pokea kopo, ule pepeta yote pamoja na ukungu wake, halafu umwambie ulichofanya, na cha simu ukitangulize.

Na ukinijia tena usilete barua, mke mwenzangu. Njoo naye, umshike mkono mnaposhuka kwenye gari. Nataka nimpe pole ya msiba wake mwenyewe.