Jina la Kwanza ni la Choo

Tonton wangu uliye Banalia,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Wewe hukuwa na bahati mbaya. Ulikuwa na mpwa mbaya.

Unakumbuka vita ilipokata maji ya bomba, na lupango letu, ua moja la familia tatu, likawa uwanja wa matusi kila Jumamosi? Nani achote maji mto Tshopo, nani asugue choo. Ukaleta ordinateur yako, kompyuta ya zamani, ukasema, "Mashine haina shemeji." Ukanifundisha kuandika programu ya kura: jina la kwanza ni la choo, mawili yanayofuata ni ya maji, wengine wafagie.

"Ukiwa unajaribu," uliniambia, "acha mpangilio uleule urudi kila ukiwasha, ndipo utaona ulipokosea. Watu wakianza kuitumia, donc, ongeza mstari wa saa. Mashine itaangalia saa yake, ichanganye majina kweli."

Nilisahau mstari huo. Jumamosi ya kwanza lilitoka jina lako, kisha la Salumu wa nyumba ya pili, kisha langu. Jumamosi ya pili, vilevile. Nikaelewa palepale. Nikanyamaza, Tonton, ili niende tena mtoni na Salumu.

Hakuna aliyeshtuka. Mama Salumu, aliyefagia tu, alishukuru dua zake. Papa alicheka mpaka akakohoa: "Hii machine iko na akili! Inajua nani anakulaka pondu mingi."

Nawe ulikunja suruali, ukashika brashi. "Bon. Hasard ya kura haina huruma."

Mimi na Salumu tulikwenda mtoni bila neno. Jumamosi ya nne akasema, "Bidoni yako inavuja." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima.

Halafu ukapanda baiskeli, ukashika barabara ya Bengamisa kwenda kufundisha huko Banalia. "Hapa bahati yangu imeishia chooni," ulisema. Wote walicheka. Mimi nilikimbilia jikoni.

Mashine bado inakuita wewe. Wiki mbili choo hakijasuguliwa. Papa anasema ni zamu yako, tungoje urudi.

Leo nimefungua programu niongeze ule mstari. Nimeukuta. Uliuandika wewe, ukatia mbele yake ile alama ndogo inayoiambia mashine isiusome. Pembeni umeandika: "Muache mutoto atembee."

Kumbe ulijua. Ulijua, na ukasugua.

Nimeondoa alama yako, na jina lako pia. Nimewasha. La kwanza limetoka langu. Maji: Salumu na Papa.

Nasikia kandambili za Papa zinakuja mlangoni. Tangu asubuhi nimeficha karatasi hii chini ya kibodi. Sasa naiacha wazi mezani, aisome akitaka.

"Alors, nani leo?" anauliza.

"Mimi, Papa."

Ngoja nikachukue brashi. Ukirudi, Tonton, nitakupokea kwa mikono niliyokwisha kunawa.

Mtoto wa dada yako, wa choo