Shati Lililofuliwa

Dada Nsimire,

Mnaamkaje huko nyumbani Nguba? Mvua imewaachia barabara? Mimi ni mzima, ingawa anayepaswa kulisikia neno hilo halisadiki.

Uliniambia Maman, tangu macho yazime, haamini simu. Anasema, "Ile sauti iko ya Bahati, anaiga kaka yake." Anadhani nilikufa na mnamficha, kama tulivyomficha kifo cha Papa wakati yeye Maman alipokuwa anaugua. Simlaumu. Ndiyo maana aliomba shati nililovaa, lisifuliwe, alinuse mwenyewe.

Dada, hiyo ndiyo kazi yangu hapa Ubelgiji. Tunatuma ujumbe kwa chembe ndogo zinazotawanyika zenyewe majini, bila waya wala redio. Unabadilisha wingi wake, au aina, au wakati wa kuziachia, na upande wa pili unasoma. Utotoni tuliyajua haya: harufu ya dagaa wa sambaza ikitufika kule ziwani tulirudi mbio, ikija ya majani ya sombe tulijifanya hatujaisikia. Shida ni kwamba chembe za ujumbe wa zamani hubaki na kuchafua ule mpya. Mabaki hayo yamenishinda mpaka leo.

Basi nikavua shati, nikalifunga, nikampa mjomba wetu, tonton Deo, aliyekuwa anarudi huko. Naye, kwa adabu zake, akalifua na kulipiga pasi. Nilipomuuliza alishangaa: "Nilisikia haya kupelekea maman nguo ya jasho." Ningemkasirikiaje? Nani kwetu humpelekea mama nguo chafu?

Unasema Maman alinusa kola, akanusa makwapa. Halafu akasema, "Nguo safi, ya pasi, tonton ndiye analeta. Vile vile ndio nguo za papa yenu zilirudia alipokufa. Mutoto wangu alishakufa." Na Jumapili akaomba nitajwe katika misa ya wafu.

Nimeishiwa mbinu, dada. Makaratasi yangu ya ukaazi bado yako ofisini. Nikitoka sasa sitaruhusiwa kurudi. Nimevaa shati jingine tangu wiki jana, wenzangu maabarani wanasogeza viti. Lakini hakuna anayesafiri kuja huko, na hata likifika, atasema lilikuwa kabatini siku zote.

Nisalimie mdogo wetu Bahati, avumilie kuitwa mwongo. Msalimie tonton, asijilaumu. Kwa Maman usifikishe salamu. Ulipompa zangu mara ya mwisho, alipiga ishara ya msalaba na kuniombea pumziko.

Kaka yako, niko hai,
Murhula