Laiti na Lefuti

Ssalongo wangu,

Gari lako limeimba. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na maneno mengi.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi letu hapa Kansanga, Jumapili mchana. Mapacha wako wazima, wanasoma. Mvua zimeanza tena na paa bado linavuja palepale uliposema utaziba kesho.

Nnalongo, mama wa hao mapacha, alitaka kuuza kila kitu: gari, vyombo, hata kibao cha nje. Sikumlaumu. Kila akiingia hapa, macho yake yalikwenda pale sakafuni ulipoangukia. Nilipomwomba aniachie duka niliendeshe, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Furaha," akasema, "yeye alikuwa namaliza gali ya watu tu, yake hapana. Wewe maliza hii. Mimi nitakaa ndani nasikia. Kama iko muzuli, fungulo yako. Kama hapana, tunauza, nnyabo."

Kinyozi hajinyoi, kweli. Umefunga muziki nusu ya magari ya Naguru, na wewe mwenyewe unatembea na redio inayokoroma! Lakini ulikuwa umeanza. Amplifaya ilikuwa kwenye boksi lake, na nyaya mbili za spika ulishazilaza chini ya kapeti, kutoka buti hadi milangoni. Halafu presha ikakuwahi.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Betri nikaichomoa kwanza. Fyuzi nikaiweka karibu na betri, maana ulisema mlinzi anakaa getini, hakai chumbani. Waya wa kwenda kwenye bodi nikaukwangulia rangi mpaka chuma kikang'aa. Spika kubwa milangoni, zile ndogo za sauti nyembamba juu, kando ya kioo, na katikati yao kile kisanduku kinachozigawia kila moja sauti yake. Kila spika ya mlangoni niliigusisha kibetri: kiwambo chake kikitoka mbele kukusalimia, hapo umepata chanya.

Kisha nikafunua kapeti ya buti nizikamate zile nyaya zako. Wa kwanza ulikuwa na mkanda mweupe na mwandiko wako: L. Wa pili nao ulikuwa na mkanda mweupe na mwandiko wako. L.

Ssalongo!

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Umelala chini ya dashibodi, miguu tu iko nje, unapaza sauti, "Leta ya laiti! Laiti!" Mimi nimelelewa Uvira na bibi msoma Biblia. Kwangu laiti ni neno la mtu anayejuta. Nikakuinamia nikakuuliza kwa upole, unajutia nini, baba? Ulicheka mpaka ukagonga kichwa. Kumbe ulitaka rait, waya wa kulia, wa upande wa dereva, ila ulimi wako wa Kiganda haukubali kuanza neno kwa r. Hilo nililizoea. Sikujua kwamba hata kalamu yako ni Muganda. Laiti, L. Lefuti, wa kushoto, L.

Nilicheka peke yangu mle butini, halafu kicheko kikageuka. Kwa sababu tangu siku ile natembea na neno hilo, na kwa maana ya bibi yangu. Laiti nisingekwenda mjini kutafuta fyuzi na wewe umeshasema kichwa kinauma. Laiti ningekuburuta kliniki hata kama ungenitukana. Nilirudi nikakukuta sakafuni, fyuzi iko mkononi mwangu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ulikuwa umelalamika. Nakuambia wewe.

Nikajifuta, nikamwita Nnalongo. Akaketi kiti chake cha kushoto, mkoba mapajani, uso wa hakimu. Nikamweleza: nitagusa waya mmoja na kibetri, mlango mmoja utakwaruza, uniambie upi. Nikagusa. Akatega sikio. Kisha, kwa sauti yake yote:

"Laiti!"

Ulimi uleule. Nilibaki nimeushika waya. Akaita tena, amekasirika sasa, "Furaha! Nimesema laiti!" Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, neno hilo halikuniuliza kitu. Lilikuwa linanionyesha mlango tu. Nikafunga waya.

Nilipowasha, nilipandisha sauti kidogo kidogo, nikaacha kabla haijakwaruza. Alichagua wimbo wa kwaya. Ulinifundisha kwamba kazi ikiwa safi, mwimbaji hakai mlangoni, anasimama katikati ya dashibodi. Nnalongo hajui hayo. Lakini nilimwona akitazama palepale, katikati, na mkono wake ukaenda ukakaa juu ya kiti chako. "Iko hapa," akasema. "Iko katikati yetu." Wimbo ulipoisha alifungua mkoba akanipa ufunguo wa duka.

Mkanda wa upande wa dereva nimeubadilisha. Sikuandika R. Nimeandika LAITI, herufi zote, na kila gari litakalotoka hapa litabeba neno hilo chini ya kapeti. Nakuahidi pia kwamba paa nitaliziba mimi. Na nikianza kujuta, nitajitahidi kulisoma lile neno kwa Kiswahili chako.

Pumzika, mwalimu wangu. Upande wa dereva unasikika vizuri.

Furaha wako