Thelathini na Nane

Reche, upo? Nimeunguza tumbaku ya Mzee Mahona. Bani zima la kukaushia, hapa Goweko.

Kile kipimajoto nilichomfungia bani, unakikumbuka? Jana kilisoma 38. Leo asubuhi 38. Mzee akaenda kanisani kwa amani. Yeye ambaye miaka yote habanduki mlangoni, anapima joto kwa kiganja!

Nimekifungua. Draiva, ile programu niliyoandika ya kukiendesha, ilizima sehemu ya chipu inayopima joto ili kuokoa umeme wa sola, haikuiwasha tena. Namba ya mwisho ikabaki palepale, kiini cha mfumo kikaendelea kuipokea kana kwamba ni mpya. Moto unatoka mlangoni, skrini inasema 38. 38, Reche!

Nilikijaribu chumbani kwangu tu, Kitete, ambako joto halibadiliki kutwa nzima. Nikajisifu.

Mzee hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliuliza tu, taratibu: "Mwanangu, kwani hicho kitu hakiwezi kusema hakijui?"

Kinaweza. Ni mstari mmoja. Nilikuwa nimeuandika, kisha nikaufuta, nisije nikamtisha mzee wa watu kwa neno HITILAFU.