Tarakimu ya Katikati

Jumanne

Miaka yote kimya, leo kaka ananitumia hesabu! Shemeji, mkewe, kaja kutoka Kirongwe, kaandikiwa kiganjani: 7418, nafasi tupu, kisha 8147. Mchezo wetu wa utotoni. Namba isomeke sawa mbele na nyuma, mimi nijaze katikati mpaka igawanyike kwa kumi na moja bila baki.

"Kaka yako hainuki kitandani, shemeji. Nimjibu nini?"

Minazi ya mama, kaka aliiuza bila kuniambia. Nikaanza maisha kwa mikono mitupu.

"Mwambie nimesahau."

Jibu ni nane. Nililiona kabla shemeji hajakaa. Na kaka ananijua, hesabu sisahau. Usiku huu anajua nimemkatalia.

Kesho niende mwenyewe. Kama bado…